Maneno ya kila siku ya Kiingereza yasiyojulikana yalikotoka: “dog”, “boy”, “girl” na “cut” yalizaliwa wapi?

#1 Mpenda Kamusi (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Tumezoea kudhani kwamba maneno magumu ndiyo yenye asili ya kutatanisha, na kwamba maneno mepesi anayoyajua mtoto wa darasa la tatu yalikwisha kuchunguzwa zamani. Kwa Kiingereza hali ni kinyume. Neno kama “philosophy” unaweza kulifuata hatua kwa hatua mpaka Ugiriki, lakini ukiuliza “dog” limetoka wapi, kamusi kubwa zinakujibu kwamba asili yake haijulikani. “Boy” nalo ni hivyo hivyo, “girl” pia, na “cut” lina mashaka mengi.

La mbwa ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu ndugu wote wa Kiingereza wanatumia neno moja: Wajerumani husema “Hund”, Waholanzi “hond”, Waswidi na Wadenmaki “hund”, na watu wa Aislandi “hundur”. Waingereza wa kale nao walisema “hund”, na neno hilo limebaki kama “hound”, yaani mbwa wa kuwindia. “Docga”, ambalo ndilo “dog” la leo, linaonekana mara chache mno katika maandishi yao ya kale. Mahali pamoja ni katika karne ya 11, pale mwandishi alipoliweka juu ya neno la Kilatini katika mashairi ya Prudentius, mshairi wa Kirumi, ili wasomaji wapate maana. Kufikia karne ya 16 neno hilo lililokuwa halionekani limekwisha kuwa jina la mbwa wote, na “hound” limebakiwa na uwindaji tu.

Dai langu ni kwamba maneno haya hayakukopwa popote. Yalikuwa ya wachungaji, wapishi na watoto, na watawa walioshika kalamu hawakuona haja ya kuyaandika, kwa hiyo yalipokuja kuandikwa yalionekana kama wageni ilhali ni wenyeji. Karibuni mnipinge kwa hoja.

#2 Kijana wa Kisumu

Asante kwa mada nzuri. Kuhusu “cut” mimi naona jibu tunalo mikononi mwetu. Sisi tunasema “kata”, matamshi yanakaribiana sana na maana ni ile ile. Waingereza ni mabaharia wa siku nyingi, na walichukua “safari” kutoka kwetu bila mtu yeyote kubisha. Kwa nini tusikubali kwamba “kata” nalo walilichukua?

#3 Mwanafunzi wa Isimu

Mkuu, tarehe ndizo zinazokataa. “Cut” linaonekana katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300, na James Lancaster alifika Zanzibar na meli yake Edward Bonaventure mwaka 1591, takriban miaka mia tatu baadaye. Hata hiyo “safari” uliyoitaja iliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, pamoja na wapelelezi waliofuata njia za misafara kutoka pwani kwenda bara.

Kabla ya “cut”, Waingereza walikuwa na maneno matatu au manne ya kazi hiyo. Walisema “ceorfan”, ambalo leo ni “carve”. Walisema “scieran”, ambalo leo ni “shear” na hutumika kwa kukata manyoya ya kondoo. Na walisema “snithan”, ambalo limekufa katika Kiingereza sanifu ingawa Wajerumani bado wanalo kama “schneiden”. Wengi wanaamini kwamba “cut” lililetwa na Waskandinavia waliohamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza, na huelekeza kidole kwenye neno la Kiaislandi “kuti”, lenye maana ya kisu kidogo. Lakini hakuna andiko la kale la Kiskandinavia lenye kitenzi hicho kwa sura inayofanana na ya Kiingereza, na ndiyo maana wanaoandika kamusi hutumia neno “huenda”.

#4 Mlubumbashi

Naunga mkono bandiko la 3 na kuongeza upande wa pili. “Kata” si letu Waswahili peke yetu. Kwetu Kongo msemaji wa Kilingala naye husema “kokata” kwa maana hiyo hiyo, na mzizi huo umeenea katika lugha nyingi za Kibantu ambazo wasemaji wake hawakuwahi kuiona bahari, sembuse meli ya Waingereza. Neno lililoenea kiasi hicho lina umri mkubwa kuliko biashara ya pwani. Ndugu wa Kisumu, tunakupenda, lakini usiwagawie Waingereza kisu chetu.

#5 Kijana wa Kisumu

Nimewasoma wote wawili, na kwamba “kata” ni la Kibantu sina ubishi nalo. Swali langu linabaki pale pale. Sauti mbili zile zile, kwa mpangilio ule ule, kwa maana ile ile: mnataka tuamini kwamba ni bahati tu? Mimi naona bahati ya namna hiyo ni kubwa kupita kiasi, na kwamba wataalamu huikimbilia wanapokosa maelezo.

#6 Mwanafunzi wa Isimu

Nitakujibu kwa mfano unaomhusu mbwa mwenyewe wa mleta mada.

Katika jimbo la Queensland, kaskazini mashariki mwa Australia, kulikuwa na lugha ya wenyeji iitwayo Kimbabaram. Mwanaisimu Robert Dixon alimfuata mmoja wa wasemaji wake wa mwisho katika miaka ya 1960, na alipomwuliza jina la mbwa akajibiwa: “dog”. Mtu yeyote angedhani kwamba mzee yule alichanganya lugha na kutaja neno la Kiingereza. Haikuwa hivyo. Dixon alilinganisha na lugha za jirani, akakuta katika Kiyidiny mbwa huitwa “gudaga”, na katika Kidyirbal “guda”. Kimbabaram kilikuwa na tabia ya kuangusha silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho, na ukiifuata tabia hiyo “gudaga” linakuwa “dog” bila kuhitaji Mwingereza yeyote.

Sasa linganisha na “hound” na neno la Kilatini “canis”. Kwa sikio hayafanani hata kidogo, lakini ni ndugu wa damu, kwa sababu “k” ya Kilatini hulingana na “h” ya Kiingereza katika maneno mengi: “cornu” na “horn”, yaani pembe, “centum” na “hundred”, yaani mia. Jacob Grimm alizipanga kanuni za mabadiliko hayo mwaka 1822. Udugu wa maneno huthibitishwa kwa ulinganifu unaojirudia, na kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi. “Kata” na “cut” yana kufanana, lakini hakuna maneno mengine ya kuyasindikiza.

#7 Maalim wa Mtaa wa Saba

Assalaam aleikum. Mwanafunzi amesema vizuri, ila namwomba atueleze habari ya “earth”. Sisi tunasema “ardhi”, Waarabu wanasema “ardh”, Wajerumani “Erde”, Waholanzi “aarde”. Hapa hatuzungumzii lugha za pembe mbili za dunia zilizotenganishwa na bahari kubwa. Waarabu, Wayahudi, Wagiriki na Warumi walikuwa wakifanya biashara pamoja kabla ya Uingereza kuwa na jina hilo. Mimi nimeamini tangu ujana wangu kwamba neno hili lilisafiri kutoka Mashariki kwenda Ulaya, na sijasikia hoja ya kuniondoa hapo.

#8 Bint Maskati

Waaleikum salaam, Maalim, na shikamoo.

Niruhusu nikupinge kwa adabu, kwa kuwa Kiarabu ndiyo lugha ninayofanyia kazi kila siku huku Oman. Herufi ya mwisho ya “ardh” ni dhad, na ndiyo inayoleta matatizo. Katika Kiebrania neno hilo hilo ni “erets”, lenye “ts” mwishoni, na katika Kiaramu sauti hiyo imegeuka kuwa ain, neno likawa “ara”. Hilo si tukio la neno moja. Yai kwa Kiarabu ni “baidha”, kwa Kiebrania “beitsa”, na katika Kiaramu utaikuta ain mahali pale pale. Wanaisimu hutumia ulinganifu huo kuonyesha kwamba sauti ya asili ilikuwa nzito, na haikuwa “th” ya Kiingereza wala “d” ya Kijerumani.

Kwa upande wa Ulaya nako, “earth” ilikuwa “eorthe” katika Kiingereza cha Kale na “airtha” katika Kigothi, lugha ya karne ya 4 inayojulikana zaidi kwa tafsiri ya Biblia ya Askofu Wulfila. Kila upande una ukoo wake uliokamilika. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo yanavyozidi kuachana, wakati ndugu wa kweli walipaswa kukaribiana.

#9 Maalim wa Mtaa wa Saba

Marahaba, binti yangu, na asante kwa maelezo ya dhad, ambayo ni ya haki. Lakini tusifunge mlango haraka. Mwaka 1903 mwanaisimu wa Denmark, Holger Pedersen, alitoa jina la “Nostratiki” kwa ukoo mkubwa ambao aliona unaziunganisha lugha za Ulaya na familia nyingine, za Kisemiti zikiwamo. Wanaompinga ni wengi, hilo nakubali. Hata hivyo wapo waliomfuata, na kwao “ardh” na “earth” si lazima yawe yamekopana, yanaweza kuwa yamerithiwa kutoka kwa babu wa mbali sana. Nalishikilia hilo mpaka nionyeshwe vinginevyo.

#10 Bi Mkubwa wa Tanga

Nawasalimu nyote. Mmetumia muda mwingi kwa mbwa na kwa ardhi, na neno lililonifanya niusome uzi huu, ambalo ni “boy”, hakuna aliyeligusa.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ya nyumbani katika shamba moja la mkonge huku Tanga, enzi za mkoloni. Alifua, alipiga pasi kwa makaa, alipanga meza. Alikuwa na wake, watoto na wajukuu, na msikitini alikaa mstari wa mbele pamoja na wazee wenzake. Ndani ya nyumba ile aliitwa “boi”, na aliyemwita hivyo wakati mwingine alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zake. Neno hilo likaingia katika Kiswahili na likapata wingi wake, “maboi”, na kamusi zetu zinalieleza kuwa ni mtumishi wa nyumbani mwanamume. Mama yangu hakuruhusu litamkwe mbele yake hata kwa utani.

Naomba wajuzi mnieleze: je, hii maana ya utumishi waliibuni wakoloni kwa ajili yetu, au walikuja nayo ndani ya neno? Kwangu mimi swali hili lina uzito kuliko la mbwa.

#11 Mkaazi wa Leicester

Shikamoo Bi Mkubwa. Pole kwa yaliyompata babu.

Walikuja nayo. Neno hili linapoanza kuonekana katika Kiingereza, karne ya 13, kwa sura ya “boie”, halimaanishi mtoto wa kiume. Linamaanisha mtumishi, au mtu wa hali ya chini, na mara nyingi linatamkwa kwa dharau. Maana ya mtoto wa kiume inakuja kujitokeza wazi baadaye, kuelekea mwaka 1400. Maana zote mbili zikaishi pamoja kwa karne nyingi, na ile ya utumishi ikapanda meli kwenda kila mahali bendera yao ilikokwenda: India, China, kusini mwa Marekani na kwetu.

Kuhusu lilikotoka, nimekutana na maelezo matatu. La kwanza linasema limetokana na neno la Kifaransa cha kale “embuié”, yaani aliyefungwa pingu, ambalo lenyewe limetoka katika Kilatini “boia”, pingu za miguuni. La pili linaelekeza kwenye lugha za jirani wa ng’ambo ya bahari, Wafrisia na Waholanzi, ambako kuna maneno ya karibu yenye maana ya kijana. La tatu linataja jina la mtu, “Boia”, ambalo lipo katika nyaraka za Kiingereza cha Kale, na kwamba jina la mtu liligeuka kuwa jina la kundi.

#12 Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba mwanangu. Hilo la pingu limenigusa sana. Kama ni kweli, basi neno lilianza kwa mfungwa wa Ulaya, likapita kwa mtumishi wa Ulaya, ndipo likamfikia babu yangu jikoni Tanga.

#13 Mwanafunzi wa Isimu

Bi Mkubwa, ni maelezo yenye nguvu ya kugusa moyo, na hiyo ni sababu moja ya kuyachunguza kwa makini zaidi. Udhaifu wake ni kwamba umbo “boie” lililo peke yake kwa maana ya mfungwa halionekani katika Kifaransa chenyewe. Lazima tudhani kwamba Waingereza walilikata mwanzo wake na kuligeuza maana, vyote viwili kwa pamoja. Maelezo ya jina la mtu nayo yana shida yake, maana inawezekana neno ndilo lililotangulia na jina likafuata. Mimi kwa sasa naegemea upande wa lugha ya watoto, kwamba “boy” ni kama “Bube” ya Kijerumani, yaani sauti za midomo ambazo mama na mtoto huzitengeneza popote duniani, kisha zikapewa maana.

#14 Chachu

Naona mnatafuta mizizi mirefu bila sababu. Maneno mengine hubuniwa tu na mtu mmoja. Mwaka 1791 meneja wa jumba la michezo ya kuigiza mjini Dublin, aitwaye Richard Daly, aliweka dau kwamba anaweza kuingiza neno jipya lisilo na maana katika lugha kwa muda wa siku moja. Akawatuma watu usiku waandike “quiz” kwa chaki kwenye kuta za mji wote. Asubuhi kila mtu alikuwa akiuliza maana yake, na neno likapatikana. Kwa nini “dog” lisiwe limeanza kwa njia kama hiyo?

#15 Fundi Kalamu

Ndugu Chachu, hadithi ni tamu lakini neno lilimtangulia Daly. Mwandishi Fanny Burney alilitumia katika shajara yake mwaka 1782, miaka tisa kabla ya dau hilo, na kwake “quiz” ni mtu mwenye vituko, anayestaajabisha kwa mavazi au tabia. Habari ya kuta za Dublin ilichapishwa miongo kadhaa baada ya wakati inaouzungumzia. Maana ya mtihani mfupi, ambayo ndiyo tunayoijua shuleni, ilikuja katika karne ya 19. Wapo wanaoiunganisha na Kilatini “qui es”, yaani wewe ni nani, na wapo wanaoona ni kipande cha “inquisitive”, yaani mdadisi. Hapo pia hakuna aliyeshinda.

Neno lililopatikana kwa ajali kweli ni “dord”. Kamusi ya Webster ya mwaka 1934 ililiweka kama neno la fizikia lenye maana ya msongamano wa maada. Hakukuwa na mwanafizikia aliyewahi kulitumia. Kikaratasi cha mhariri kiliandikwa “D or d”, kikimaanisha kwamba herufi hiyo, kubwa au ndogo, hutumika kama kifupisho cha neno “density”, na mtu mwingine akakisoma kama neno moja. Halikugunduliwa mpaka mwaka 1939, mhariri alipoona kwamba neno hilo halina asili iliyotajwa. Nalitaja hapa kwa sababu linaonyesha faida ya kuuliza asili: lile pengo ndilo lililowafumbua macho.

#16 Mpenda Kamusi (mleta mada)

Nawashukuru wote, na Bi Mkubwa kwa namna ya pekee. Naomba turudi kwa “dog”, kwa sababu kundi lake ni la kuvutia.

Tazameni majina ya wanyama ya Kiingereza cha Kale yanayoishia kwa “-gga” au “-cga”: “docga”, “frogga” ambaye ni chura, “stagga” ambaye ni paa dume mwenye mapembe, na “wicga”, mdudu anayebaki leo ndani ya “earwig”. Wengi huweka hapo pia “picga”, nguruwe, ingawa neno hilo limekisiwa tu kutokana na maneno mengine yaliyolibeba. Wote ni wanyama, wote wana umbo moja la mwisho, na karibu wote wanaonekana kwa uchache katika maandishi. Mwanaisimu wa Poland, Piotr Gąsiorowski, alipendekeza kwamba haya ni majina ya kubembeleza, kama vile sisi tunavyofupisha jina la mtoto, na kwamba “docga” limetokana na “dox”, neno la kale la rangi ya giza. Kwa maelezo hayo “dog” lilianza kama jina la kumwitia mbwa mweusimweusi nyumbani.

Hili linaimarisha dai langu. Jina la kumbembeleza mbwa halitaandikwa na mtawa anayenakili Injili.

#17 Mkaazi wa Leicester

Mleta mada, hapa nina mawazo tofauti. Unawalaumu watawa kwa kuchagua maneno, lakini watawa hao hao waliandika dawa za majipu, vitendawili, orodha za mifugo na mipaka ya mashamba mpaka kwenye mti na shimo. Hawakuwa na aibu ya vitu vya kawaida. Tatizo ni kwamba kilichotufikia ni kidogo, kama maneno milioni 3 kwa jumla ukikusanya maandishi yote ya Kiingereza cha Kale yaliyosalimika, na sehemu kubwa imeandikwa kwa lahaja moja ya kusini magharibi, ile ya ufalme wa Wessex. Huku katikati ya nchi na kaskazini huenda kila mtu alikuwa akisema “docga” bila kuacha alama.

Kisha ikaja mwaka 1066. Wanormani waliposhika nchi, kwa karne mbili na zaidi mambo makubwa yaliandikwa kwa Kilatini na Kifaransa, na Kiingereza kikaendelea kubadilika midomoni. Kilipokuja kuandikwa tena kwa wingi kilikuwa kimevaa nguo nyingine. Mimi naona pengo hilo la maandishi linaeleza “boy”, “girl” na “cut” kwa pamoja, maana yote matatu yanajitokeza katika kipindi kile kile.

#18 Kijana wa Kisumu

Na “girl” je? Nilitarajia liwe jepesi kuliko yote.

#19 Fundi Kalamu

Ni gumu kuliko yote, kwa maoni yangu. Lilipoanza kuonekana, karibu na mwaka 1300, “girle” lilikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Mshairi Chaucer anapowataja “girles” wa jimbo la kanisa katika utangulizi wa hadithi zake za Canterbury anawakusudia vijana wa jinsia zote mbili. Waliotaka kubainisha kwamba ni wa kiume waliweza kusema “knave girl”, kwa kuwa “knave” wakati huo lilikuwa mtoto wa kiume, kama “Knabe” ya Kijerumani, kabla halijashuka na kuwa mtu laghai.

Wapo wanaolitoa katika “gierela” la Kiingereza cha Kale, yaani vazi, kama mtu anavyoweza kutajwa kwa nguo aliyovaa. Wapo wanaolilinganisha na “Gör”, neno la kaskazini mwa Ujerumani lenye maana ya mtoto. Mimi siridhiki na lolote kati ya hayo, kwa kuwa la kwanza linahitaji hatua ya maana ambayo hakuna andiko linaloionyesha, na la pili linaacha herufi “l” bila mwenyewe.

#20 Mlubumbashi

Hilo la maana kupungua lipo pia kwa “deer”. Leo ni paa tu, lakini zamani “deor” lilikuwa mnyama yeyote, kama “Tier” ya Kijerumani. Shakespeare katika King Lear bado anawaita panya “small deer”. Mnyama wote wakabaki mmoja, kama vile “hound” lilivyobaki kwa mbwa wa kuwindia.

Na tukizungumzia vilivyopotea, mimi nasikitikia “overmorrow”. Mtafsiri Coverdale alilitumia katika Biblia yake ya mwaka 1535 kwa maana ya keshokutwa. Wakaliacha life, na sasa wanahitaji maneno manne kusema kitu ambacho sisi tunakisema kwa neno moja, na bado tuna mtondo na mtondogoo mbele yake.

#21 Bint Maskati

Ndugu Mlubumbashi, wape na mtondogoo basi, ukarimu ni desturi yetu.

Nina swali kwa mleta mada kuhusu bandiko la 16. Kama “docga” lilikuwa jina la kumbembeleza mbwa wa nyumbani, kwa nini mataifa mengine ya Ulaya yalipolikopa walilipa mbwa wakubwa wa kutisha? Kwa Kijerumani “Dogge” ni mbwa jitu, na “dogue” ya Kifaransa ni mbwa wa ulinzi mwenye taya nzito. Hilo halifanani na mbwa wa kubembelezwa.

#22 Mkaazi wa Leicester

Swali zuri, dada, na ndilo linalonifanya nivutiwe na maelezo mengine yanayolihusisha “docga” na neno la kale la nguvu za misuli. Katika Kiingereza cha Kale kuna “fingerdocce”, linaloeleweka kuwa misuli ya vidole. Kama mzizi ni huo, basi “docga” alikuwa mbwa mwenye nguvu tangu mwanzo, na wageni walilikopa pamoja na maana yake halisi.

#23 Mpenda Kamusi (mleta mada)

Tuangalie tarehe, kama Mwanafunzi alivyotufundisha juu kule. “Dogge” na “dogue” yalikopwa kuanzia karne ya 16 hivi, wakati Waingereza walipokuwa wanasifika kwa kufuga na kuuza nje mbwa wakubwa wa kupigana na dubu na mafahali. Mnunuzi wa ng’ambo alichukua mbwa na jina alilolikuta mdomoni mwa muuzaji. Hiyo inatueleza ni mbwa gani walioingia sokoni wakati huo, lakini haituelezi “docga” wa miaka mia tano kabla yake alifananaje. Bado nasimama na rangi ya giza, na kwa “fingerdocce” naomba Mkaazi atuonyeshe jinsi “cc” ya vidole ilivyogeuka kuwa “cg” ya mbwa, kwa sababu hapo ndipo maelezo yake yanapohitaji daraja.

#24 Mkaazi wa Leicester

Daraja ni hilo hilo lako la kubembeleza, mkuu. Majina ya namna hiyo hukaza konsonanti na kuzibadili bila kufuata kanuni za kawaida, na wewe mwenyewe umelitumia kuvuka kutoka “dox” mpaka “docga”. Likikubalika kwa rangi, halina sababu ya kukataliwa kwa misuli.